Kundi Bora la Chuga ni Lipi? Mjadala wa Kibandani Makumira Umenikera, Acha Niseme

Wadau, naomba nianze na fulana.

Jumamosi mvua ilishuka kutoka Meru bila hodi kama ilivyo kawaida yake, tukajibana kwenye kibanda cha chips hapa Makumira, jirani na njia ya kuingilia chuoni. Umeme ulishakatika. Mwenye kibanda anakaangia mkaa, kwa hiyo yeye hana habari. Ndani kulikuwa na dereva wa kifodi aliyeegesha kusubiri mvua, machalii wawili wa bodaboda, fundi simu, kaka yangu, mimi, na mwanachuo mmoja anayesomea muziki. Huyo mwanachuo alivaa fulana nyeusi yenye kikatuni cha njano, macho alama za X, ulimi nje, na juu yake neno moja: NIRVANA.

Fundi simu akamuuliza, "Oya arif, Nirvana ndo nini?"

Mwanachuo akajiangalia kifuani, akajibu kwa kujiamini kabisa, "Kampuni ya nguo."

Kaka yangu akapaliwa na chips. Tukampiga mgongoni, akanywa maji, ndo akaanza kuhubiri. Akasema hiyo ni bendi, chalii angu, bendi ya roki, na wewe unasomea muziki! Akaeleza Seattle, akaeleza granji, akaeleza Kurt Cobain aliyefariki Aprili 1994 akiwa na miaka 27. Mwanachuo akasema yeye anasomea kwaya na piano, roki haijafika kwenye mtihani. Haki yake.

Nilichokipenda ni dereva wa kifodi. Alikuwa kimya muda wote, kisha akauliza swali moja: "Hiyo Seattle iko wapi?" Kaka akajibu, iko juu kaskazini-magharibi, mbali na Los Angeles, mbali na New York, kuna mvua na baridi, na kuna mlima wa volkano unaitwa Rainier unaouona siku mawingu yakitaka. Dereva akatikisa kichwa. "Kumbe ni Chuga."

Ndiyo. Ni Chuga. Tena Meru wetu ni mrefu zaidi, mita 4,562, Rainier ana 4,392, sema tu hatuna theluji ya kudumu ya kupigia picha.

Ukifikiria vizuri, historia zinafanana kinoma. Kampuni za kurekodi zilikuwa Los Angeles na New York, machalii wa Seattle wakabaki wanapigia gitaa gereji mpaka wakatengeneza sauti yao wenyewe. Sisi studio na redio kubwa zilikuwa Dar, machalii wa Arusha wakabaki wanachana vichochoroni mpaka wakapata sauti yao. Hata mavazi. Wale wa granji walivaa mashati mazito ya drafti kwa sababu kulikuwa na baridi na yalikuwa bei poa, baadaye wenye maduka ya mitindo wakayauza bei ya mbuzi. Mashati yaleyale leo unayakuta Tengeru gulioni, Jumatano na Jumamosi, yamefungwa kwenye robota. Tukiongelea drafti, mababu huku kaskazini walishavaa shuka la hivyo kabla ya mtu yeyote kuita hiyo staili, lakini tusigombane na Seattle leo.

Na miaka ni ileile. Mwaka 1991 Nirvana wanatoa albamu yao ya Nevermind, mwaka huohuo Dar kuna shindano la Yo Rap Bonanza, Saleh Jabir anaibuka mshindi kwa kurap Kiswahili juu ya midundo ya Wamarekani. Mwaka 1993 Kwanza Unit wanajikusanya. Mwaka 1994 Radio One inaanza, vijana wanapata pa kusikika tofauti na redio ya serikali. Mwaka 1996 huku kwetu wanazaliwa X Plastaz. Sasa mtu akikwambia enzi ya granji haituhusu, mwambie hakuna aliyekuwa amekaa tu. Kila mji wa baridi ulikuwa na vijana wake wenye hasira.

Basi mjadala ukahama. Nirvana akasahaulika, swali likawa: kundi bora kuwahi kutokea Arusha ni lipi? Na hapo, ndugu zangu, ndo nikakereka.

Dereva akasema Weusi, hakuna mjadala. Boda mmoja akasema Nako 2 Nako, mwenzake akamuunga mkono. Fundi simu akasema Watengwa, maana yeye ana ndugu Kijenge na watu wa Kijenge hawajawahi kushindwa hoja yoyote duniani. Kaka yangu akasema X Plastaz. Kibanda kizima kikacheka. Mmoja akasema, "Wale si walikuwa wa wazungu?" Mwanachuo, yuleyule wa kampuni ya nguo, akauliza, "X nani?"

Kaka akanyamaza. Namjua kaka yangu, ana miaka arobaini na kitu, ni mtu wa maneno mengi kupita redio. Akinyamaza ujue kimemuuma. Mimi ndo nikashika kipaza sauti.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu Weusi. Nawapenda. Joh Makini akijiita Mwamba wa Kaskazini sina pingamizi, kajenga jina kwa mistari. Ngoma ya Gere hadi leo ikipigwa kwenye harusi mashangazi wanasimama. Na kama kipimo ni mafanikio, tufunge mjadala twende nyumbani: Nikki wa Pili aliteuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe mwaka 2021. Nitajieni bendi moja ya Seattle iliyotoa mkuu wa wilaya. Lakini Weusi siyo kundi lililozaliwa mtaani kama kundi. Ni muungano. G Nako na Lord Eyez walitoka Nako 2 Nako, Joh Makini na mdogo wake Nikki walikuja na kambi yao ya River Camp, wakaungana watu ambao tayari wana majina. Hata Seattle walikuwa na kitu kama hicho: mwaka 1991 watu wa Soundgarden na wale waliokuja kuwa Pearl Jam walikutana wakatoa albamu moja kwa jina la Temple of the Dog, kumkumbuka rafiki yao aliyefariki. Kazi nzuri, lakini hakuna anayeiita bendi bora ya granji. Weusi ni mavuno. Mimi naulizia shamba.

Nako 2 Nako hao ni shamba. Sisi mtaani tulijua Nako ni Ngarenaro, basi, hakuna maelezo zaidi. Hawatuwezi ilipotoka nilikuwa bado shule, na nakumbuka kitu kimoja: kwa mara ya kwanza redioni kulikuwa na watu wanaongea kama sisi. Siyo Kiswahili cha Dar cha kuvuta maneno. Kiswahili cha kwetu, kikavu, kinachogonga, chenye "arif" na "chalii", kile ambacho ukienda nacho Dar wanakuuliza kama unataka kupigana. G Nako na ile sauti yake ya kukwaruza, Lord Eyez anaingia kama mtu anayedai deni, Ibra da Hustler na Bou Nako nao hawana utani. Kama tungepiga kura kwa kuangalia nani aliifanya Arusha isikike kama Arusha, mimi ningewapa kura na kidole cha wino ningekionyesha.

Watengwa nawaheshimu, na JCB kwenye Ukisikia Paah aliwaweka Fid Q, Jay Moe na Chidi Benz kwenye ngoma moja na bado wimbo ukabaki wake. Siyo kazi rahisi, hao watatu ukiwakaribisha wanaweza kukuhamisha nyumbani kwako. Fundi simu alipiga makofi mwenyewe nilipofika hapo.

Lakini bora? Bora ni X Plastaz, na nitawaambia kwa nini, na sababu ya kwanza haina uhusiano na kaka yangu.

Hebu wafikirie wale watu walivyokuwa. Faza Nelly, G-San, Ziggy, halafu kuna Merege, Mmaasai anayeimba Kimaasai chake cha kweli, sauti za kwao za kooni, ndani ya hip hop. Miaka ile! Leo kila msanii akitaka video ya "kiafrika" anakodi shuka na mkuki. Wale hawakukodi. Walikuwa naye Merege ndani ya kundi kama mwanakundi, jina lake lipo, sauti yake ipo. Mwaka 2004 albamu yao ya Maasai Hip Hop ikatolewa na kampuni ya Ujerumani, wakazunguka Ulaya wakipiga shoo. Na hapo ndipo maneno yalipoanzia: aah, ni wa wazungu, aah, wanauza Umaasai kwa watalii.

Jamani, tunaishi Arusha. Mji mzima unauza kitu kwa wazungu! Kuna anayeuza safari, kuna anayeuza tanzanite ya Mererani, kuna anayeuza vinyago pale Mnara wa Saa huku anakufuata mpaka hotelini. Dereva aliyesema X Plastaz ni wa wazungu, gari lake lina stika ya kampuni ya utalii kwenye kioo cha nyuma. Nilimwonyesha. Akasema gari siyo lake.

Ukitaka kujua walikuwa wa nani, angalia walikuwa wanaimbia nini. Wana wimbo unaitwa Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki. Soma hilo jina taratibu. Hiyo siyo sentensi ya kumwimbia mtalii wa Munich, yeye hata hawezi kulitamka. Hilo ni swali la mtu aliyelala na njaa Arusha, anaangalia magari ya safari yanapita yamejaa sanduku za chakula cha mchana. Na Msimu kwa Msimu, nani wa rika la kaka yangu haijui? Wazungu walinunua siti za mbele, sawa, lakini nyimbo zilikuwa zinaongea na walio nyuma ya ukuta.

Sasa sababu yangu halisi. Kibanda kizima kiliongea saa nzima, majina ya wanaume ishirini yakatajwa, na hakuna hata mmoja aliyemtaja Dineh.

Dineh alikuwa X Plastaz. Binti. Alikuwemo tangu angali mdogo, na hakuwa pambo la video. Mimi nilikua nikimsikia kwenye kanda za kaka na nikadhani ni jambo la kawaida, kwamba makundi huwa yana msichana anayechana. Nilikuja kugundua baadaye kwamba siyo kawaida kabisa. Hesabu makundi yote tuliyoyataja pale kibandani, Arusha na Dar, halafu niambie una wangapi.

Niliijua bei ya hilo mwenyewe. Nikiwa na miaka kumi na tisa niliandika mistari, nikajikusanyia hela ya studio kwa kuuza parachichi, nikaenda mjini kwenye studio moja ambayo sitaitaja. Prodyuza akanisikiliza nusu beti, akasimamisha mdundo, akaniambia, "Dada, we sauti yako ya kiitikio. Mtafute chalii achane, wewe uimbe pale katikati." Nikamwambia nimelipia kuchana. Akaniambia basi subiri nje. Nikasubiri mpaka vifodi vya Usa River vikakaribia kuisha. Hela hakurudisha. Usiku ule kwenye kifodi nilikuwa nakumbuka sauti ya yule mtoto kwenye kanda, na nikajiuliza yeye nani alimwambia anaweza. Jibu nililipata baadaye: alikuwa na Faza Nelly, kaka yake. Alikuwa na kundi ambalo halikumwambia asubiri nje.

Ndiyo maana nasema bora. Mmaasai na msichana na machalii wa mtaa kwenye jukwaa moja, mwaka ambao Dar walikuwa bado wanabishana kama Bongo Flava ni muziki au uhuni.

Faza Nelly aliuawa kwa kuchomwa kisu hapahapa Arusha mwaka 2006. Sipendi kuliandika hili haraka hivi, ila sijui namna ya kuliandika polepole. Seattle wakimpoteza Cobain dunia ilisimama, kuna benchi kwenye bustani karibu na nyumba yake ambalo hadi leo watu wanaliandika ujumbe. Sisi tulimpoteza Nelly na leo mwanachuo wa muziki, anayekaa kilomita kama ishirini na kitu kutoka Arusha mjini, anauliza X nani. Simlaumu yeye. Nani alimwambia? Miaka mitatu baadaye, 2009, G-San alisimama kuchana kwenye tuzo za hip hop za BET kule Marekani, upande mmoja na watu kama KRS-One. Kiswahili cha Chuga kwenye jukwaa lile! Huku nyumbani ilikuwa habari ya siku mbili.

Halafu kuna Imbaseni. Hii niliitoa mwishoni pale kibandani kama karata ya jokeri. Kutoka Makumira kwenda Imbaseni ni safari fupi ya boda. Pale kuna kituo, UAACC, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Pete O'Neal na mkewe Charlotte, tunayemwita Mama C, wote wawili Wamarekani weusi waliokuwa Black Panther. Vijana wamejifunza pale vitu vingi, na kurekodi muziki kumo. Palepale Imbaseni aliishi na kufariki Juni 2011 mzee Geronimo Pratt, aliyefungwa Marekani miaka 27 kabla ya hukumu yake kufutwa. Mnajua alikuwa nani kingine? Baba wa ubatizo wa Tupac Shakur.

Kimya. Mwenye kibanda aliacha kugeuza chips.

"Tupac Tupac?" boda mmoja akauliza.

Tupac Tupac. Chalii amechora uso wa Tupac kwenye mkingamatope wa pikipiki yake, amepita barabara ya Imbaseni mara mia, na hakuwahi kuambiwa. Kuna msanii mmoja wa kwetu, simtaji, akihojiwa Dar anasema "nimetokea Arusha" kwa sauti ya mtu anayesema ametokea hospitali. Labda naye hakuambiwa.

Tatizo ni kwamba nyimbo zenyewe hazipo mikononi. Mwanachuo alijaribu kuzitafuta kwenye simu palepale, bando likapanda na kushuka, akapata video moja yenye picha ya ukungu iliyopandishwa na mtu baki. Nevermind unaipata popote duniani kwa sekunde mbili. Ngoma nyingi za Chuga za miaka ile zilibaki kwenye kanda, kwenye diski za prodyuza aliyehama, kwenye kompyuta iliyoungua. Kwa hiyo tukibishana nani bora tunabishana kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtu ikichoka, kundi limekufa. Weusi watashinda kila mjadala kwa sababu wao wanapatikana ukibonyeza. Hiyo siyo haki, na wala siyo kosa lao.

Hapo ndo kaka akafungua mdomo. Akasema kanda anayo. Moja. Alirekodi redioni mwenyewe, kidole kwenye kitufe, miaka ileile, na ipo kwa bibi Nkoaranga.

Fundi simu akasema ilete, nitaihamishia kwenye flashi, bure.

Jumapili baada ya ibada tulipanda. Redio ya kaseti ya bibi bado inafanya kazi, inakula betri nne kubwa, tulizinunua. Kaka akaitoa kanda, ina mwandiko wake wa shuleni: X PLASTAZ, USIGUSE. Akaigeuza, akaona vile vitundu vya juu vimezibwa kwa karatasi na selotepu. Nikamwona uso ukimbadilika kabla hata hajabonyeza.

Ilikuwa kwaya. Marehemu mama alirekodi kwaya ya usharika juu yake, pande zote mbili. Bibi akaanza kuimba pamoja nayo, sauti ya pili, kafurahi kweli, maana hajaisikia miaka. Tukaiacha iende. Nani angeizima?

Kati ya wimbo wa tatu na wa nne, pale mama alipochelewa kubonyeza, kwaya inakatika. Unasikia mdundo, besi imechakaa, na sauti ya msichana inachana, sekunde kama kumi na tano hivi. Kisha kinanda kinarudi.

Kaka anasema ni Dineh. Mimi nasema ni Dineh. Fundi simu ameshaihamisha, ameisikiliza mara sita kwa spika za masikioni, anasema ni msichana sawa, ila yeye hawezi kuapa ni nani. Bibi anataka kujua kwa nini tunarudisha nyuma kila kwaya inapoanza.